Ukuta Usiolia

Juma hili nazungumzia kile kifaa cha mkononi kinachopitishwa ukutani kutafuta chuma na nyaya kabla ya kutoboa. Ni kifaa kizuri. Lakini wapo mafundi wanaozima umeme kwanza, ndipo wakipitishe. Hapo wanajidanganya. Sehemu yake inayotafuta umeme huhisi volti zilizomo kwenye waya, ambazo hapa Tanzania ni 230. Ukizima, haina cha kuhisi. Sehemu ya chuma yaweza kulia, ila huenda isikuambie kama umekuta waya, nondo au msumari wa zamani.

Basi pima umeme ukiwapo, tia alama kwa chaki, kisha zima swichi kuu ndipo utoboe. Na wakati umeme umekatika usipime kabisa. Waweza kurudi nyundo ikiwa mkononi.

Ukuta uliolowa mvua nao hukifanya kilie ovyo. Mimi humwamini zaidi fundi anayetazama kwanza soketi na swichi zilipo, maana kwa kawaida waya hupanda au kushuka wima kutoka hapo. Isipokuwa, bila shaka, nyumba ambazo waya umepitishwa mshazari ili kuokoa mita mbili, na mpangaji hakuambiwa.