Kitabu cha Picha Kinachomwachia Mtoto Kazi



Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 Tunduru, mwendo wa basi tu kutoka hapa Songea. Hakupita chuo chochote cha sanaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, akiwa Dar es Salaam, alichora wanyama kwenye vibao vya mraba kwa rangi ya kupakia baiskeli: chui mwenye madoa mengi mno, ndege mwenye jicho la mshangao. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo wake ulikwishashika.

Mmoja wa waliourithi ni John Kilaka, aliyeupeleka kwenye vitabu vya watoto. Wanyama wake wamevaa nguo, wanaenda sokoni, wanagombana kama majirani. Katika hadithi yake moja kuna njaa, na matunda ya mti wa ajabu hayadondoki mpaka jina la mti litajwe. Wanyama wakubwa wanatumwa kwa kobe kuliuliza, wanalisahau njiani. Sungura mdogo ndiye anayelifikisha. Vitabu hivyo vilitoka kwanza Uswisi, kwa Kijerumani. Yaani watoto wa Basel walipata ladha ya Tunduru kabla ya watoto wa Tunduru wenyewe.

Nawatajia hayo kwa sababu mzazi akiniuliza anunue kitabu gani, huwa namwambia aanze na picha. Funika maneno kwa kiganja, mpe mtoto nafasi asimulie. Akiishia kutaja tu, “mbuzi, mti, nyumba,” picha hiyo ni pambo. Akianza kubishana nawe kwamba mbuzi amekasirika, kwamba nyuma ya mlango kuna mtu, lipia kitabu. Mchoraji hodari huficha jambo ambalo mwandishi hakulisema, na mtoto wa miaka minne hulivumbua mapema kuliko sisi tunaokimbilia mstari unaofuata.

Kipo kitabu ninachokikwepa: kile ambacho ukurasa wa mwisho unauliza hadithi imetufundisha nini. Swali hilo ni la mtihani. Bibi zetu walisema “Paukwa!” wakangoja “Pakawa!”, msikilizaji alikuwa na zamu yake tangu mwanzo, na fisi alipodanganywa watoto walicheka bila kuulizwa faida ya kicheko. Kusoma kitabu cha picha kunafaa kufuata desturi hiyo. Mtoto akikatiza, mwache akatize. Akitaka ukurasa uleule mara ya tano, urudie. (Najua mnachoka. Hata mimi.)

Nisiwalaumu wachapishaji kupita kiasi kwa uchache wa vitabu vya picha. Mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianza kuwapunguzia hasara kwa kununua sehemu ya nakala na kuzipeleka shuleni, na hadithi nyingi za Kiswahili zilipatikana kwa njia hiyo. Ila mlengwa alikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Mtoto wa miaka mitatu, anayesoma kwa macho akiwa amepakatwa, alibaki na kalenda ya ukutani na karatasi za matangazo. Rangi nyingi ni gharama kuchapa, na kitabu kinachozidi bei ya kilo kadhaa za unga hakinunuliwi na mkulima wa mahindi, hata ampende mwanawe namna gani.

Kwa hiyo ombi langu halielekei mfukoni mwa mzazi peke yake. Peramiho, jirani zetu, Wabenediktini wana kiwanda cha uchapaji cha miaka mingi. Wachoraji tunao, tazameni kuta za saluni na vibao vya maduka mjini hapa. Wasimulizi wa Kingoni, Kimatengo na Kiyao wangali hai. Nawaomba mkoa, halmashauri na wachapaji wakae meza moja, watoe kitabu kimoja cha picha cha Ruvuma, chenye kurasa chache na karatasi ngumu isiyochanika upesi, na nakala za kwanza ziende katika madarasa ya awali ya Tunduru.