Ushahidi wa Mionzi ya Gama Juu ya Mionzi ya Kosmiki

Mada kwa walimu wa sayansi, Engaresero, Wilaya ya Ngorongoro



Hapa Engaresero, baina ya mlima Oldoinyo Lengai na ziwa Natron, ambapo taa za miji hazijalifukuza giza, Njia Nyeupe huonekana dhahiri ikikatiza mbingu. Nami nakusudia kubainisha kwamba ukanda huo hutoa pia nuru isiyoonekana kwa macho, yaani mionzi ya gama, na kwamba nuru hiyo ni shahidi amini wa habari za mionzi ya kosmiki.

1. Asili ya mas'ala

Tarehe 7 Agosti 1912 Victor Hess wa Austria alipaa kwa puto hata akapita kimo cha mita 5,000, akakuta mnururisho uliopimwa na vyombo vyake, badala ya kupungua kadiri alivyoiacha ardhi, unazidi. Akahukumu kwamba chanzo chake kiko juu. Baadaye ikathibitika kuwa mionzi hiyo, ndiyo iitwayo ya kosmiki, si nuru, bali ni chembe, aghalabu protoni, ziendazo kwa kasi inayokaribia ile ya nuru. Lakini protoni ina chaji, na nguvu za sumaku zilizoenea baina ya nyota huipinda njia yake mara nyingi mno, hata itufikiapo haina tena dalili ya ilikotoka.

2. Namna mionzi ya gama izaliwavyo

Nafasi iliyo baina ya nyota haikosi kitu: mna gesi, hasa hidrojeni, kwa wastani kama atomu moja katika kila sentimita ya ujazo, na katika mawingu mazito huzidi sana. Protoni yenye nishati ya kutosha ikigonga kiini cha atomu hiyo, sehemu ya nishati yake hugeuka maada, zikazaliwa chembe ziitwazo pioni. Zenye chaji huishia kuwa elektroni, pozitroni na nyutrino. Ama isiyo na chaji, hiyo hutoweka kabla ya kutimia sehemu moja ya trilioni ya sekunde, ikaacha mionzi miwili ya gama, ambayo kila mmoja, lau pioni ingekuwa imetulia, ungekuwa na elektronivolti milioni 67.5. Na kwa kuwa gama haina chaji, sumaku haiipotoshi, basi hutujia ikielekeza pale pale mgongano ulipotokea. Haya Satoshi Hayakawa wa Japani aliyatabiri mwaka 1952.

3. Ushahidi uliopatikana

Hewa yetu huizuia gama isifike ardhini, kwa hiyo ilibidi vyombo vipandishwe juu. Baada ya dalili za setilaiti ya OSO-3 ya mwaka 1967, setilaiti ya Wamarekani iitwayo SAS-2 ilirushwa tarehe 15 Novemba 1972 kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa na Waitalia baharini karibu na Malindi, katika latitudo inayokaribiana na yetu. Mahali hapo palifaa mno, maana karibu na ikweta sumaku ya dunia huikinga setilaiti na sehemu kubwa ya mionzi ya kosmiki ambayo ingeivuruga. Hata Juni 1973 ilipozimika, ilikuwa imekusanya miali ya gama ipatayo 8,000, nayo ikaonyesha kwamba mng'ao huo huufuata ukanda wa Njia Nyeupe, penye gesi.

Fauka ya hayo, mwaka 2006 darubini za H.E.S.S. nchini Namibia, zilizopewa jina la Hess, ambazo zikiwa ardhini huutazama mmweko wa nuru ambao gama huuzusha igongapo hewa, zilionyesha gama ikiyafuata mawingu ya gesi yaliyo katikati ya Njia Nyeupe, umbali ambao nuru huukata kwa miaka 26,000. Yaani ilianza safari kabla ya watu walioacha nyayo zao katika majivu ya volkano hapa kijijini. Mwaka 2013 setilaiti ya Fermi ikaikuta alama yenyewe ya pioni katika masalio mawili ya nyota zilizolipuka, IC 443 na W44.

4. Khatima

Naomba basi, tufundishapo mnururisho, tusiuache kuwa habari ya mbali, bali tuanzie Malindi, ili mwanafunzi ajue kwamba elimu hii ilipata mojawapo ya hoja zake kuu katika pwani yetu, naye ajione ana haki na wajibu wa kuiendeleza.