Kuisikiliza Chembe Ndani ya Bomba

Mhadhara wa umma, Kolo, Wilaya ya Kondoa



Nimekuja kuzungumzia chembe, yaani vipande vya mawe vidogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuvitenganisha, na namna ya kuvipima vikiwa bado safarini ndani ya bomba la kiwanda. Kolo panafaa kwa mazungumzo haya. Michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo mwanaakiolojia Mary Leakey aliichunguza na kuinakili mwaka 1951 na UNESCO ikaiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, imetawaliwa na rangi nyekundu, na wekundu huo ni wa oksidi ya chuma. Bonge la udongo mwekundu halichori mnyama mwenye mistari myembamba. Likisagwa laini, linashika mwamba. Waliochora walijua kwamba jiwe lilelile hutenda kazi tofauti kulingana na lilivyosagwa. Viwanda vyetu vinaishi kwa kanuni hiyohiyo.

Usagaji na hasara yake

Chukueni mchemraba wa jiwe wenye upande wa sentimita 1. Eneo la uso wake wote ni sentimita za mraba 6. Ukiukata kuwa michemraba ya milimita 1, jumla ya nyuso inakuwa sentimita za mraba 60. Ukiufikisha kwenye maikromita 10, inakuwa 6,000, na jiwe halijaongezeka hata gramu moja. Kemikali hufanya kazi kwenye uso. Ndiyo maana usagaji huamua mavuno.

Katika uchenjuaji wa dhahabu, mwamba hupondwa kwenye karasha, ukasagwa kwenye kinu pamoja na maji hadi uwe tope, kisha tope hilo likapelekwa kwenye matangi ya sayanidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu. Lengo la kawaida la usagaji ni asilimia 80 ya chembe kuwa chini ya maikromita 75 hivi. Chembe zikibaki kubwa, dhahabu hufungwa ndani ya jiwe ambamo sayanidi haifiki, ikaishia kwenye bwawa la mabaki. Zikisagwa kupita kiasi, umeme umepotea bure, kwa kuwa kinu ni miongoni mwa mitambo inayokula umeme mwingi kuliko yote mgodini, na tope laini mno husumbua kutuama na kuchujwa.

Njia ya zamani ya kujua hali ya chembe ni kuchota sampuli, kuichuja, kuikausha na kuipitisha kwenye chekecheo za maabara. Njia hiyo ni ya kuaminika na haipaswi kuachwa. Tatizo lake ni muda. Jibu linapomfikia mwendesha kinu, tope lililopimwa limekwishapita zamani, na kama lilikuwa na kasoro, hasara imekwishaingia.

Namna sauti inavyopima

Njia nyingine ni kutumia sauti tope likiwa bado bombani. Mama mjamzito anayepimwa hospitalini ameshaona sauti isiyosikika ikichunguza mahali ambapo mwanga haupiti. Ultrasaundi ni sauti ya masafa yanayozidi kilohezi 20, kikomo cha sikio la binadamu. Msingi wa vihisi vyake ni ugunduzi wa ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880, kwamba baadhi ya fuwele hutoa umeme zikibanwa. Fuwele hizohizo zikipewa umeme hutikisika, na mtikisiko huo ndio sauti.

Kihisi kimoja kikitangulia kutuma mawimbi, cha upande wa pili huyapokea. Kati yao limo tope. Chembe ya jiwe ni nzito kuliko maji. Maji yanapotikisika, chembe huchelewa kufuata, na msuguano unaotokea hula nguvu ya sauti. Chembe inayokaribia urefu wa wimbi huitawanya sauti pembeni. Katika maji, wimbi la megahezi 1 lina urefu wa milimita 1.5 hivi, na la megahezi 10 ni maikromita 150 hivi. Kwa hiyo tukituma masafa mbalimbali na kupima kila moja limefifia kiasi gani, tunaweza kukokotoa ukubwa wa chembe na wingi wake, tena katika tope zito ambalo mwanga hauwezi kulipenya.

Vyombo vya aina hii vimetumika kwenye mitambo ya madini tangu miaka ya 1970. Havitoi mionzi ya nyuklia kama vile vipima-uzito wa tope vinavyotumia chanzo cha gama.

Umakini unaohitajika

Kihisi hakimwondoi mtaalamu. Viputo vya hewa hufifisha sauti kuliko jiwe, hivyo ni lazima tope liondolewe hewa kabla ya kupimwa. Joto nalo hubadili kasi ya sauti: katika maji safi ni mita 1,482 kwa sekunde kwenye nyuzi 20, na mita 1,509 kwenye nyuzi 30. Bomba lililoachwa kwenye jua la mchana la uwanda huu litadanganya asiyepima joto. Aina ya mwamba ikibadilika, hesabu nayo irekebishwe kwa kulinganisha na chekecheo za maabara.

Kwa sababu hiyo, kununua chombo ni sehemu ndogo ya kazi. Kazi kubwa ni kupata watu wanaojua kukirekebisha, kukitilia shaka na kukitengeneza. Mkoa huu wa Dodoma una Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007, na una makao makuu ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania pamoja na maabara zake. Naziomba taasisi hizi zifundishe upimaji wa chembe kwa sauti kwa vitendo, kwa tope la miamba yetu wenyewe. Nawaomba wenye viwanda wafungue milango kwa wanafunzi hao. Na ninyi wanafunzi wa Kolo, someni fizikia na hisabati bila woga. Madini haya ni ya Watanzania, na ni wajibu wetu kujua, saa ileile yanapopita bombani, ni kiasi gani tunachovuna na kiasi gani tunachokitupa.