Fizi Inayotoa Damu

Mama na baba mnaotusikiliza hapa Kamina na vijijini kando ya reli, leo tunaanza na fizi kabla ya meno.

Fizi za mtoto zikitoa damu, kinywa kikinuka, naye akikataa bukari, msingoje kesho. Kuna ugonjwa unaoitwa noma. Huwashika hasa watoto wa miaka 2 hadi 6 wenye utapiamlo, mara nyingi baada ya surua au malaria, na kidonda cha fizi kinaweza kutoboa shavu kwa siku chache. Bila matibabu, hadi watoto 90 kwa 100 hufa. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Ukiwahiwa, antibiotiki, kusafisha kinywa na chakula kizuri humponya mtoto kabisa. Mpelekeni kituo cha afya siku ileile, hata kama ni usiku.

Kwa watu wazima, si kila jino linalouma ni la kung'olewa. Tundu dogo huzibwa, na jino likabaki. Likioza hadi ndani, munganga husafisha mzizi, au hulitoa kwa sindano ya ganzi. Likishatolewa, uma pamba dakika 30. Usisukutue wala kuvuta sigara siku hiyo. Na tafadhali, hata jino likiuma, maji ya betri yasitiwe kinywani kamwe.

Pigeni mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floridi. Temeni povu, msisukutue kwa maji mengi, ili floridi ibaki kwenye meno.