Sakafu Nayo Haina Budi Kupimwa kwa Moto

(Hotuba kwa mafundi wa ujenzi na wasimamizi wa majengo ya umma)



Mtu anayehofia moto hutazama paa, nyaya za umeme na jiko. Ni wachache mno wanaotazama chini ya miguu yao. Hoja yangu ni kwamba sakafu nayo yaweza kuua, na kwamba maneno "haishiki moto" yaliyoandikwa kwenye bidhaa hayana maana mpaka tujue yametokana na kipimo gani.

Tarehe 9 Januari, 1970, moto ulizuka chumbani katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Marietta, katika jimbo la Ohio, Marekani. Ukaingia katika ujia uliotandikwa zulia lenye mgongo wa mpira, ukaenea pamoja na moshi. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha. Njia waliyoitegemea kuokokea ndiyo iliyogeuka mtego.

Mwaka huo huo serikali ya Marekani ilitoa kanuni ya mazulia, iliyoanza kutumika Aprili 1971. Kipimo chake ni chepesi. Kidonge kidogo cha methenamini huwashwa katikati ya kila kipande. Kati ya vipande 8, katika vipande visivyopungua 7 moto sharti ufe kabla haujasambaa. Kipimo hiki hutuambia iwapo njiti ya kiberiti iliyodondoka itawasha zulia. Hakisemi lolote kuhusu ujia uliokwisha kujaa hewa ya moto kutoka chumba cha jirani.

Kwa sababu hiyo wataalamu walibuni kipimo kingine, ambacho leo kimo katika kiwango cha kimataifa ISO 9239. Kipande chenye urefu wa mita moja hivi hulazwa, na juu yake huwekwa bamba linalotoa joto, limeinamishwa nyuzi 30. Mwanzoni mwa kipande joto hufikia karibu kilowati 11 kwa kila mita ya mraba. Mwishoni hushuka hadi karibu kilowati 1, sawa na jua kali la adhuhuri. Moto huwashwa upande wa joto kali, kisha huachwa utambae. Pale unapofia, joto la mahali hapo ndilo jawabu. Sakafu iliyohitaji joto kubwa ili iendelee kuwaka ni salama kuliko ile inayoungua kwa joto dogo. Katika Ulaya, daraja B hudai kilowati 8, daraja C kilowati 4.5, na daraja D kilowati 3. Moshi nao hupimwa.

Tusichanganye kipimo hicho na kile cha tanuri. Tanuri hupima sakafu kama sehemu ya jengo: je, itabeba mzigo, itazuia miale isipenye, na upande usioungua hautapata joto la kupita kiasi? Katika tanuri la kiwango ISO 834 joto hufika nyuzi 840 hivi baada ya dakika 30, na nyuzi 945 baada ya saa moja. Sakafu ya zege yaweza kushinda mtihani huo vizuri kabisa, kisha tukaivisha zulia au plastiki itakayopeleka moto mlangoni kwa wagonjwa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tunaponunua sakafu za hospitali, mabweni na kumbi, tudai mambo matatu. Kwanza, cheti kitaje kipimo na tarakimu, siyo sifa tupu. Pili, bidhaa iwe imepimwa kama itakavyotandikwa, pamoja na gundi na sponji ya chini, kwa maana zulia lililofaulu juu ya saruji tupu laweza kushindwa likiwekewa sponji. Tatu, ujia na ngazi vipewe daraja la juu kuliko vyumba, kwa kuwa huko ndiko watu wote hukimbilia.

Yako watakaosema kuwa haya ni gharama. Ni kweli. Lakini mgonjwa asiyeweza kuinuka kitandani hakuchagua zulia la ujia wake. Sisi ndio tuliomchagulia, na dhamana hiyo ni yetu.