Feni ikifa, gesi husingiziwa

Leo nitasema juu ya friji, na ndani ya friji nitasema juu ya feni moja ndogo, pana kama kiganja cha mkono, ambayo wengi wetu hatujui kwamba ipo mpaka siku inapokufa.

Dalili zake ni hizi. Juu, kwenye friza, nyama imeganda kama jiwe. Chini, maziwa yamechacha, mchicha umenyauka, na maji ya kunywa ni ya uvuguvugu. Anaitwa fundi. Fundi anagusa mabomba ya nyuma, anatikisa kichwa, anasema, "Mama, gesi imekwisha." Na mama anafungua pochi.

Hebu tuipime kauli hiyo. Gesi ya friji si mafuta ya taa, hata itumike na kwisha. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na friji laweza kufanya kazi miaka 15 kwa gesi ile ile iliyotiwa kiwandani. Ikipungua, maana yake pana tundu, na fundi anayejaza gesi bila kutafuta tundu anakuuzia baridi ya muda tu. Tena gesi ikipungua, mara nyingi friza nayo hulegea. Nyama ya juu ikiwa imeganda sawasawa, baridi ipo. Kinachokosekana ni kitu cha kuiteremsha chini.

Kazi hiyo ni ya feni. Katika friji za milango miwili zisizojenga barafu, mabomba ya baridi yamefichwa nyuma ya ubao wa plastiki ndani ya friza. Feni huvuta hewa kupitia mabomba hayo, sehemu ikabaki juu na sehemu ikateremka kabati la chini. Feni ikisimama, chini kunakuwa kabati tu lenye taa. (Mwenye friji la mlango mmoja, lile la kujenga barafu kama ukuta, asiitafute feni hii; aghlabu halina.)

Kabla ya kumwita fundi, angalia kwanza vitundu vya hewa. Mkesha wa sikukuu tunashindilia friza kama gunia la mkaa, halafu tunalaumu kiwanda. Kama vitundu viko wazi, ngoja friji liungurume, fungua mlango wa friza, kisha bonyeza kwa kidole swichi ya mlangoni. Friji nyingi husimamisha feni mlango ukifunguliwa. Ukibonyeza swichi, friji hudhani umefungwa. Sikiliza kwa dakika moja au mbili. Ukisikia mvumo na hewa ikakugusa, feni ni nzima. Ukisikia mkwaruzo, panga zake zinagonga barafu. Kukiwa kimya, rudia baada ya nusu saa, kwa sababu feni hupumzika wakati friji linapoyeyusha barafu yake.

Na barafu hiyo ndiyo penye mkasa mkubwa. Jirani yangu mmoja anauza mtindi na juisi nyumbani. Alijaziwa gesi mara 2 katika mwezi mmoja. Kila mara friji lilipelekwa karakana, likakaa siku 2 bila umeme, likarudi likipoza vizuri ajabu, na baada ya wiki moja hali ikawa ile ile. Kumbe kilichoponya ni zile siku 2 za kuzimwa! Barafu iliyoziba feni na njia ya hewa ilikuwa imeyeyuka yenyewe, gesi ikapata sifa isiyo yake. Fundi wa tatu, kijana mdogo, alifungua ubao akapima kwa mita: hita ya kuyeyusha barafu imekatika. Mtindi uliomwagwa katika mwezi ule haukulipwa na mtu.

Kwa hiyo zima friji, chomoa waya, toa vyakula, acha milango wazi siku nzima na usiku wake, tandika matambara chini. Usichokonoe barafu kwa kisu wala bisibisi. Bomba lile ni laini, na ukilitoboa ndipo gesi itakapokwisha kweli. Likipoza vizuri kisha likagoma tena baada ya siku kadhaa, mwambie fundi apime hita, sensa yake na taima au bodi. Kama hapakuwa na barafu na feni haizunguki, apime umeme unaoifikia. Unafika na haizunguki, mota imekufa. Haufiki, ni swichi, waya au bodi. Friji nyingi mpya feni yake hutumia volti 12 tu. Akiiunga moja kwa moja na umeme wa nyumba, ataiunguza mbele yako.

Siwatukani mafundi, wapo waaminifu. Nasema tu, akitaja gesi, mjibu, "Sawa fundi, nionyeshe tundu." Na asome kibandiko cha nyuma. Kikiwa na maandishi R600a, hiyo ni gesi inayoshika moto, na kuchomelea ndani ya jiko lako si jambo la mzaha.

Wakati huo wote, vyakula vilivyopikwa visibaki chini, maana vijidudu huzaliana upesi nyuzi zikipita 5. Na mwenye kutunza insulini asiikimbizie kwenye friza: ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka haifai. Akiba yake inataka nyuzi 2 hadi 8. Chupa inayotumika huweza kukaa nje takriban wiki 4 chini ya nyuzi 30, kutegemea aina, lakini Dar es Salaam ya Februari chumba chenyewe hupita hapo. Akiba ipelekwe kwa jirani mwenye friji zima leo hii, kabla fundi hajaitwa.