Anza na Ulichokiona: Kumwandikia Profesa kutoka Lodwar na Kakuma



Juzi kijana mmoja wa Kakuma alinipa simu yake nisome barua aliyowatumia maprofesa wa nchi tatu. Aya ya kwanza ilikuwa salamu na dua ya afya njema. Ya pili ilisimulia vita vilivyoifukuza familia yake na miaka aliyoishi kambini. Ya tatu ilimwomba profesa amtafutie ufadhili. Kijana huyu amesomea sayansi ya mazingira, lakini neno lenyewe lilitokea mara moja tu, katika jina la shahada yake. Hakuna aliyemjibu.

Nilimuuliza anataka kuchunguza nini. Alinyamaza kidogo, kisha akazungumza kwa karibu nusu saa kuhusu miti ya mathenge kwenye kingo za mto Tarach: jinsi miti hiyo inavyofunga njia za mifugo, miiba inavyotoboa magurudumu ya boda boda, wenyeji na wakimbizi wanavyoigombania kwa kuni na makaa, na inavyochipua upya kwenye visiki mvua ikinyesha. Alikuwa na majina ya mahali na miaka kichwani. Hata moja kati ya hayo halikuwamo kwenye barua.

Nadhani najua kwa nini. Wengi wetu tumelelewa na fomu. Ufadhili wa DAFI, ambao serikali ya Ujerumani imekuwa ikiutoa kupitia UNHCR tangu mwaka 1992, na mipango mingine inayowapeleka vijana wa Kakuma vyuoni, huwachuja waombaji wengi ili kupata wachache, na hali ya maisha ya mwombaji huwa na uzito. Hata basari za kaunti huuliza kama wewe ni yatima. Ukijaza fomu za namna hiyo kwa miaka kumi, unazoea kutanguliza shida. Shida hizo ni za kweli, wala simwambii mtu azionee haya. Lakini profesa anayetafuta mwanafunzi wa uzamili au uzamifu anatafuta mtu wa kufanya naye kazi kwa miaka miwili, mitatu, pengine mitano. Anataka kujua swali lako.

Na maswali tunayo hapa. Mwaka 1984, mtafutaji wa visukuku Kamoya Kimeu alikuwa akitembea karibu na kambi ya watafiti wenzake kule Nariokotome, hapa hapa Turkana, siku ya mapumziko, akaona kipande kidogo cha fuvu kilichofanana rangi na kokoto zilizokizunguka. Hicho ndicho kilichowafikisha kwenye mifupa ya mvulana wa Turkana, aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Mwaka 2015 zana za mawe za Lomekwi, pia hapa Turkana, zenye umri wa miaka milioni 3.3, zilitangazwa duniani. Mwaka 2025 jarida la Science lilichapisha utafiti kuhusu jeni za Waturkana, ukionyesha kwamba jeni iitwayo STC1 imehusika katika kuwawezesha kustahimili uhaba wa maji. Watu huvuka bahari kuja kuuliza mambo ambayo sisi tunapita kando yake tukienda sokoni. Kimeu hakuwa na shahada ya chuo kikuu alipokiona kipande kile. Alikuwa na macho yaliyoizoea ardhi.

Sasa barua yenyewe. Hapa pana jambo la adabu linalotutatiza. Mgeni akifika kwenye awi, yaani boma la mzee wa Kiturkana, haanzi na haja yake. Husalimu, huketi, huuliza habari za mifugo na mvua. Tukimwandikia profesa tunafanya vivyo hivyo, na barua inafika skrini ya pili kabla ya neno la maana. Heshima kwa mtu anayepokea barua nyingi kila juma ni kumsoma kabla ya kumwandikia, kisha kumwandikia kwa ufupi. Soma angalau makala mbili zake. Usipoweza kuzifungua, soma ikisiri zake, na utaje kitu mahususi ulichokiona humo.

Kijana wetu tulikaa naye, na aya yake ya kwanza ikawa hivi: “Profesa, nimesoma makala yako kuhusu mathenge, ambamo unaonyesha kwamba kukata kwa ajili ya makaa kunaweza kupunguza kuenea kwake. Hapa Kakuma nimeona kingo za mto Tarach zilizokatwa zikifunikwa tena baada ya mvua, kwa sababu visiki huachwa ardhini. Ningependa kulipima jambo hilo. Je, utapokea wanafunzi wa uzamili mwaka ujao?” Baada ya hapo yalifuata maelezo mafupi ya masomo yake, na nakala ya alama zake ikaambatishwa. Ukimbizi wake ulichukua sentensi moja, mwishoni, pale alipoeleza kwamba atahitaji muda wa kupata kibali cha kutoka kambini na hati ya kusafiria. Hapo ndipo mahali pake, kwa sababu hapo unamsaidia msomaji kupanga.

Taratibu hutofautiana. Ujerumani, kwa uzamifu wa kawaida, huna budi kumpata profesa akubali kukusimamia kabla ya kusajiliwa. Marekani, idara nyingi huchagua wanafunzi kwa kamati, lakini katika baadhi ya fani ridhaa ya profesa husaidia sana. Kwa kuwa maombi mengi ya huko hufungwa karibu na Desemba, andika Septemba. Hapa Kenya, mara nyingi idara ndiyo hukupangia wasimamizi ukishaingia. Hata hivyo nenda ukaonane na mhadhiri ana kwa ana, ukiwa na kurasa mbili za wazo lako mkononi.

Usinakili barua moja kwa watu wengi. Niliwahi kufanya hivyo. Niliwaandikia wahadhiri wawili wa idara moja maneno yaleyale, na mmoja nikamwita kwa jina la mwenzake. Alinijibu kwa upole kwamba wote wawili wameisoma. Mlango ule ulifungwa, na ilikuwa haki ufungwe.

Usipojibiwa, subiri wiki mbili au tatu, kisha andika mara moja zaidi, mistari mitatu tu. Akiendelea kunyamaza, mwandikie mwingine. Ukimya mara nyingi ni wingi wa kazi, au fedha za utafiti zimekwisha.

Baada ya chakula, ndugu washiriki, tutakaa wawili wawili, mtu wa Lodwar na mtu wa Kakuma. Msianze kuandika. Mmoja amweleze mwenzake jambo aliloliona kwa macho yake na ambalo bado hajapata jibu lake. Mwenzake asikilize, kisha aandike sentensi ya kwanza kwa niaba yake.